Mtu akiacha unga, saa kumi jioni anakula nini?

Huku kwetu Mombasa mtu akitoka rehabu kitu cha kwanza watu wanachoangalia ni mashavu. Akipita barazani wazee wanamtazama, mashallah amenawiri, basi, kijana ashapona. Mimi pia nilikuwa naangalia mashavu. Ndugu yangu anayenifuata alitumia unga, yaani heroini, miaka kama tisa, tukachanga familia nzima akaenda rehabu, akatoka shingo imerudi na mashati hayamtoshi, mamangu akalia kwa furaha, na hata mwezi haujaisha akawa ashaanza tena. Tukasema hana shukrani, tukasema marafiki, kuna shangazi akasema amerogwa. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejiuliza siku yake inaendaje, anaamka saa ngapi, anakula saa ngapi, na kutoka pale mpaka alale anafanya nini.

Hilo swali ndo nataka tuliongee leo, manake naona tunaongea sana kuhusu dawa na dua na marafiki wabaya, lakini chakula na mazoezi tunaviweka kama urembo, kama kitu cha mtu ambaye ashapona anataka kupendeza. Mimi naona viko mwanzo kabisa.

Unga una ratiba kali kuliko kazi yoyote unayoijua. Nguvu yake inaisha baada ya masaa machache, na kuanzia kama masaa sita mpaka kumi na mbili baada ya dozi ya mwisho arosto inaingia, yaani ugonjwa wa kukosa unga, miayo, makamasi, tumbo linakata, mifupa inauma, mtu anatoka jasho huku anatetemeka kwa baridi. Kwa hivyo teja lazima awe na kete yake, kile kipakiti cha unga, ya asubuhi, awe na ya mchana, ya jioni, na kama anaweza ya kulalia. Na kila kete ina safari yake, kutafuta pesa, kumtafuta muuzaji, kufika maskani wanakotumia, kuvuta ama kujidunga, kusinzia, kuamka, kuanza upya. Watu wanasema mateja ni wavivu na hilo si kweli kabisa, ndugu yangu alikuwa anatoka Majengo kwa miguu mpaka ferry, anavuka Likoni, anarudi, anapanda tena mpaka Kongowea, siku moja, kwa ajili ya kete moja. Ni mtu aliyekuwa bize kutwa.

Sasa wewe umemtoa kile kitu, alhamdulillah, lakini ile siku umembakishia tupu. Asubuhi ana pa kwenda labda, kliniki ama kwa kaunsela, adhuhuri kuna chakula cha nyumbani, halafu inafika saa kumi jioni jua limeanza kupoa, watu wako barazani na kahawa, wenzake wa zamani wanampungia mkono kwa mbali, tumbo halina kitu tangu saa saba, hajalala vizuri jana, na hana la kufanya mpaka magharibi. Kwetu nyumbani kila alipoanguka, nikirudi nyuma nikihesabu, ilikuwa ni mida hiyo, hakuna hata mara moja alirudi kwa unga akiwa ametoka kula.

Kwenye makundi ya wanaopona huwa wanasema kuna vitu vinne vya kujichunga navyo, njaa, hasira, upweke na uchovu. Njaa imewekwa hapo kwa sababu ya maana. Unga na jamii yake yote inazima njaa, na mtu akitumia miaka mingi anasahau ile hisia ya njaa inavyokuwa. Ndugu yangu aliniambia neno moja sijalisahau, alisema, "Dada, mimi njaa nilikuwa siijui tena, tumbo likiniuma mimi najua ni arosto tu." Hebu fikiria mtu huyo. Tumbo lake linamwambia kula yeye anasikia kete. Ndo maana ile ya kumwambia "ukihisi njaa chakula kiko jikoni" haifanyi kazi, yeye hawezi kuhisi, ama akihisi anatafsiri vibaya. Inabidi ale kwa saa, si kwa hamu. Saa moja asubuhi, saa nne kitu kidogo, saa saba, saa kumi, saa mbili usiku, awe anataka asiwe anataka, hata kama ni ndizi moja na kikombe cha uji. Ile ya saa kumi mimi siku hizi siichezei hata kidogo.

Na kula kwenyewe kuna utaratibu wake. Kosa letu la kwanza tulifanya mara ya pili alipoacha, alikaa nyumbani siku sita bila kitu, mifupa mitupu, na mamangu kwa mapenzi yake akapika pilau la nyama na kachumbari, akamkalia pembeni, "kula babangu, kula mwanangu," akala sahani mbili na usiku ule alitapika mpaka tukadhani anakufa. Zile siku za kwanza mtu anaharisha, anatapika, anatoka jasho, mwili unapoteza maji na chumvi, kwa hivyo kinachotakiwa ni maji ya ORS, uji mwepesi, supu, dafu pia ni zuri lakini dafu lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, kwa hivyo peke yake halitoshi. Kidogo kidogo, mara nyingi. Na kama mtu amekonda sana, amekaa muda mrefu bila kula vizuri, usimjaze ghafla, kuna hatari ya kweli pale, chakula kingi kikiingia kwa mara moja kwenye mwili uliozoea njaa, chumvichumvi za damu zinaweza kushuka haraka na moyo ukapata shida. Huyo apelekwe hospitali aanze kulishwa chini ya macho ya wanaojua. Pombe nayo ina lake, mlevi wa miaka mingi hukosa vitamini B1 na ikikosekana sana inaharibu ubongo, kwa hivyo anayeacha pombe aonwe na daktari mapema, asiachiwe ugali na supu tu. Tena anayekunywa kila siku akikata kwa ghafla anaweza kupata degedege, hilo si la kufanyia chumbani kwa mama.

Tuje kwa methadoni, ile dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya unga, manake wengi huku ndo wako nayo. Kenya ilianza kuitoa Disemba 2014 pale Mathari Nairobi, mwaka uliofuata ikafika Malindi, baadaye Kisauni, na mimi ni mtu ninayeitetea waziwazi, dozi moja inamshika mtu mchana na usiku, arosto haimtoi nje saa nane za usiku. Wanaosema ati ni kubadilisha unga kwa unga mwengine hawajawahi kulala na mgonjwa wa arosto chumba kimoja. Lakini ina mambo yake ambayo jikoni lazima pajue. Inafunga choo. Inatoa jasho. Inakausha mdomo. Na wengi inawapa hamu ya sukari isiyo ya kawaida, ndugu yangu alikuwa anaweza kunywa soda tatu kabla ya adhuhuri halafu alete kaimati, na sukari ile ikikutana na mdomo mkavu meno yanaoza. Zile mashavu watu wanazosifu barazani saa zengine ni soda tu na mahamri.

Kwa hivyo mimi nilibadilisha jikoni pole pole bila kutangaza. Mbaazi za nazi asubuhi sikuziondoa, hizo ni chakula kizuri sana, nilipunguza mahamri kutoka manne mpaka mawili nikaongeza bakuli la mbaazi. Pojo, kunde, mchicha, mabenda, dagaa wa kukaanga kidogo na ndimu, yai likipatikana. Papai kila siku, kwa ajili ya choo, na maji, chupa ya lita anatembea nayo. Uji wa wimbi saa kumi. Hakuna hapo kitu cha duka la fahari, ni chakula cha marikiti, na nasema hivi kwa sababu nimeona watu wanauziwa mabakuli ya unga wa protini kwa pesa ambazo zingenunua dagaa na pojo za mwezi mzima.

Kuna kitu chengine hatukitaji na kinaharibu yote hii, muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa. Vijana wengi wakiacha unga wanahamia muguka kwa sababu ni rahisi na uko kila kona na "si dawa." Mei 2024 kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku, wakulima wa Embu wakapinga, rais akasema marufuku ile haina nguvu kisheria, mahakama ikaisimamisha, na sisi tukabaki tunabishana nani ana haki ya kuuza. Mimi nitasema la jikoni tu. Muguka unaua hamu ya kula na unaua usingizi. Mtu anatafuna kuanzia saa tisa na soda ama big-G ya kulainisha uchungu, magharibi inapita hajala, isha inapita, anakodoa macho mpaka alfajiri, kesho yake anaamka saa tano na amechoka na hana chakula tumboni. Rudi uhesabu wale vitu vinne, njaa yupo nayo, uchovu yupo nao, na hasira ya muguka ukikatika kila mtu wa pwani anaijua. Miezi mitatu ya kazi inaondoka hivohivo na sisi tunasema alikuwa anaendelea vizuri tu, alikuwa hatumii kitu, anatafuna kidogo.

Sasa nije kwa jambo linaloniuma. Kwetu nyumbani ndugu yangu alikuwa na kikombe chake. Kikombe cha plastiki cha buluu, kimepasuka mdomoni, kilikuwa kinakaa chini ya sinki pamoja na sahani yake ya bati. Hakuna aliyewahi kusema ni chake, kilikuwa tu kinajulikana. Alikuwa anapewa chakula mlangoni wa nyuma na anakula uani amechuchumaa, na tulikuwa na sababu zetu, alikuwa ameuza blenda, ameuza simu ya mamangu, viatu tulikuwa tunaingiza chumbani tunalala navyo. Lakini aliporudi kutoka rehabu mara ya pili, mwezi mzima bila kitu, mtu amekaa ukumbini amevaa kanzu, chakula kilipokuja kililetwa kwa sinia sote tukazunguka na yeye akaletewa sahani ile ya bati. Mwanangu mdogo ndo aliyeuliza, "mbona mjomba hali na sisi?" Hakuna aliyejibu. Yeye alikula haraka akatoka.

Nimefikiria sana ile siku. Tunaweza kumpangia mtu protini na mboga mpaka basi, lakini kama anakula peke yake uani ile saa ya chakula inakuwa saa ya kukumbushwa. Sinia moja inafanya kazi ambayo hakuna kidonge kinafanya, unakaa na watu nusu saa, unasogezewa nyama, unaulizwa kesho unaenda wapi. Na kwa wanaoogopa, mkono wa mtu hauambukizi ukimwi wala homa ya ini aina ya C, hizo zinaenda kwa damu, na ukimwi kwa ngono pia. TB ndio inaambukiza, lakini kwa hewa, kifua kikikohoa wiki mbili apimwe, na hilo ni kwa sote.

Mazoezi nayo tunayaelewa vibaya. Huku mtu akisema anaacha unga anapelekwa jimu ya mtaa, zile za vyuma vya mikebe iliyomwagiwa saruji, anaambiwa atoe jasho, "sumu itoke." Unga hautoki kwa jasho jamani. Ini ndo linauvunja na figo zinautoa, na huo wa mwisho unakuwa umetoka mwilini ndani ya siku chache, kinachobaki ni ubongo uliozoea raha kubwa na sasa hausikii raha ndogo. Chakula hakina ladha, mpira haunogi, hata stori za wenzake anaona zinachosha. Hiyo inachukua wiki na miezi kurudi, na mazoezi yanasaidia hapo, yanaupa ubongo raha ndogo ya halali kila siku, yanaleta usingizi, yanafungua choo kilichofungwa na methadoni, na kubwa kuliko yote yanakula saa moja ya ile jioni.

Lakini si kukimbizana na vyuma siku ya kwanza. Mtu aliyejidunga miaka anaweza kuwa na mshipa umeziba mguuni, anaweza kuwa na maambukizi kwenye moyo yanayotoka na sindano chafu, methadoni yenyewe kwa wengine inabadilisha mapigo ya moyo. Akiwa na mguu uliovimba upande mmoja, homa isiyoisha, kizunguzungu, kuzimia, pumzi kukata, aende akapimwe kwanza. Kwa wengi wengine kutembea kunatosha kabisa kuanza. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hiyo 150 ni nusu saa kwa siku tano, na ndugu yangu alianza kwa dakika kumi. Kutoka nyumbani mpaka kona ya msikiti na kurudi. Wiki ya pili mpaka barabara kubwa. Tulikuwa tunatoka pamoja, mimi na buibui langu yeye na chupa yake ya maji, na njia tuliichagua kwa makusudi isipite maskani yoyote, hilo naomba mlizingatie kwa sababu kuna mazoezi ya mtu kupita mbele ya muuzaji wake kila siku na hayo si mazoezi. Siku hizi anafika mpaka Mama Ngina, pale ufuoni, anapiga pushapu zake chini ya mibuyu pale upepo ukivuma, na Jumapili anacheza mpira wa ufuoni na vijana ambao hawamjui historia yake.

Mpira ule naupenda kuliko jimu. Jimu ukikosa hakuna anayekuuliza, mpira ukikosa wanakupigia simu uko wapi tumebaki tisa. Na jimu nimeona inavyogeuka, mtu anaanza vizuri halafu anaingia mara mbili kwa siku, anaacha kula wali, anapimana mkono kwa kioo, halafu kuna mtu pale anamwambia kuna sindano ya kuongeza misuli. Mtu aliyeacha sindano anarudishwa kwa sindano kwa jina la afya.

Wanaotaka ushahidi wa haya ninayosema waangalie Ramadhani. Sote tunajua vijana wanaoacha kila Ramadhani, mwezi mzima, kisha Idd Mosi jioni wamerudi. Tunasema ni imani inapanda na kushuka. Imani ipo, siikatai, lakini tazama siku yenyewe ya Ramadhani ilivyo, daku saa yake, futari saa yake na sote pamoja, tarawehe unasimama na kuinama na kusujudu usiku baada ya usiku, barabarani watu, mtu hana saa tupu. Mwezi unaandama, ratiba inavunjwa kwa siku moja, na mfukoni kuna pesa ya Idd. Anayetumia methadoni aongee na kliniki na shekhe wake mapema kuhusu saa za dozi, asiikatize kimya kimya.

Na hapo kuna hatari ambayo mashavu yanaificha. Mtu akikaa mwezi bila unga mwili unasahau, kile kiasi alichokuwa anakibeba zamani sasa kinamzidi, pumzi inapungua mpaka inakatika. Kunenepa hakumlindi, misuli haimlindi. Anayeonekana amepona vizuri ndo anaweza kufa kwa kete ile ile ya zamani. Ukimkuta haamki, midomo imekuwa ya buluu, anakoroma kwa taabu, usimpe maziwa wala maji ya chumvi, usimpe chochote mdomoni, mlaze ubavu, piga kelele ya msaada, akimbizwe hospitali, naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya unga, ikipatikana mapema inamrudisha. Kama pumzi imekatika kabisa mlaze chali umpulizie mdomoni mpaka msaada ufike. Mama wa kila nyumba yenye mtoto wa hivi alijue hilo kama anavyojua kupika uji.

Ndo maana nina ugomvi na baadhi ya rehabu zetu. Ile ya kwanza tuliyolipa, sitaitaja, ilikuwa na geti refu na uwanja wa simenti, wanaamshwa, wanapewa chai ya sukari na mkate, mchana sima na maharagwe, jioni sima na maharagwe, katikati wamekaa wanatazama tivii. Miezi mitatu. Hakuna aliyemfundisha kupika hata yai. Akatoka mnene na mtupu, hajui aamke saa ngapi bila kengele ya mtu. Ningekuwa nachagua leo nisingeuliza vitanda vingapi, ningeomba nione jikoni na ningeuliza saa kumi jioni wanafanya nini hawa vijana, na nani anapika. Kliniki za methadoni nazo, dozi ni bure lakini mtu anafika pale tumbo tupu baada ya matatu mbili, anameza, kichefuchefu kinamshika, anakaa nje ya geti na wenzake mpaka mchana. Sufuria moja la uji pale nje lingebadilisha asubuhi nzima. Najua pesa ni shida, na misaada ya Marekani ilipokatwa mwanzo wa 2025 sote tuliokuwa na mgonjwa tulishika roho. Lakini uji hausubiri Marekani, misikiti yetu inafuturisha mamia ya watu kwa siku thelathini mfululizo, hatushindwi na sufuria la uji.

Ndugu yangu sasa ana mwaka na miezi kidogo. Ameanguka mara moja katikati, siku mbili, akarudi kliniki mwenyewe, na alivyoniambia ilikuwa ni wiki ya mafua hakutoka kutembea wala hakula vizuri. Nyumbani anakula kwenye sinia, upande wa kulia wa mamangu. Jana saa kumi na robo nilimpigia, kulikuwa na upepo kwenye simu nikajua yuko wapi. Nikamuuliza ushakula, akasema nina muhogo hapa wa kuchoma na pilipili na ndimu. Halafu akasema, "Dada, ukipita Kongowea nitazamie raba za mtumba namba arubaini na mbili, hizi soli imeisha." Anaziacha nje mlangoni siku hizi, pamoja na zetu.